Daudi aliwahesabu watu, Mwana wa Daudi akahesabiwa: tusomeje habari za sensa katika Biblia?

#1 Mleta uzi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Jambo ninalolileta hapa limekaa nami tangu Agosti 2022, siku karani wa Sensa ya Watu na Makazi alipofika nyumbani kwetu na kishikwambi chake. Bibi mzaa mama alikuwa ameketi mkekani barazani, ungo mapajani, akichambua mchele. Karani alimwamkia, akamwuliza kwa adabu amezaa watoto wangapi. Bibi hakutaja idadi. Alianza kutaja majina, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, na katikati akawataja wawili waliofariki wakiwa wachanga, mmoja wao akiwa na umri wa siku tatu tu. Kila jina alilitamka, akanyamaza kidogo, ndipo akaliendea la pili, na muda wote huo mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mchele. Alipofika mwisho alimwambia yule kijana, "Hao ndio wanangu. Hesabu utaandika wewe, mjukuu wangu."

Wazee wetu wengi hawapendi kuhesabu watoto, kama vile wafugaji wengi wasivyopenda kutaja idadi ya ng'ombe mbele ya mgeni. Nilizoea kuliona jambo hilo kuwa mila ya zamani isiyo na uzito. Lakini wiki ileile nilikuwa nimefungua Kitabu cha Hesabu, nikiwa tayari kuiruka sura ya kwanza kama nilivyoiruka miaka yote, na sauti ya bibi ikanizuia.

Siku ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka wa pili baada ya kutoka Misri, Musa anaagizwa katika jangwa la Sinai awahesabu wanaume wa miaka 20 na kuendelea wawezao kwenda vitani, na anaelekezwa namna ya kufanya: kwa koo zao, kwa nyumba za baba zao, kwa majina yao, kichwa kwa kichwa. Kabla ya tarakimu yoyote yanakuja majina ya wakuu kumi na wawili, kila mmoja pamoja na jina la baba yake. Kisha kila kabila linasomewa maneno yaleyale bila kupunguzwa hata kidogo: Reubeni 46,500, Simeoni 59,300, Yuda 74,600, na kuendelea hivyo hivyo, mpaka aya ya 46 ndipo tunapopewa jumla, watu 603,550. Msomaji mwenye haraka anachoshwa na marudio hayo, ilhali mwandishi aliyaona ya lazima, kwa sababu hakuna kabila lililostahili kufupishwa kwa ajili ya lingine.

Hoja ninayotaka tuijadili ni hii. Katika Maandiko, anayehesabu anadai. Mwenye ng'ombe ndiye ahesabuye ng'ombe, na mgeni akianza kuhesabu vya mwenye nyumba, mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza anataka nini. Kwa hiyo kila tukutanapo na sensa katika Biblia, tuulize kwanza watu hawa ni wa nani, na nani anawahesabu kana kwamba ni wake.

Lugha yenyewe inatusaidia. Kitenzi cha Kiebrania kinachotawala sura hizo ni *paqad*, ambacho maana yake ni kuhesabu na kukagua, lakini pia kumjia mtu ili kumtendea jambo. Ndicho kitenzi cha Mwanzo 21:1, Bwana alipomjia Sara naye akapata mimba uzeeni, na cha Kutoka 3:16, Mungu anaposema amewajia watu wake wanaoteswa Misri. Waliolitafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walitumia mahali hapo kitenzi *episkeptomai*, na ndicho Mtakatifu Luka alichokiweka kinywani mwa Zakaria anapomshukuru Mungu wa Israeli kwa kuwajia watu wake, wimbo ambao Kanisa linausali kila siku katika Masifu ya Asubuhi. Kutoka mzizi huohuo limetoka neno *episkopos*, ambalo sisi tumelipokea kama "askofu". Basi askofu anapofika parokiani kwa ziara ya kichungaji, akawatembelea wagonjwa asubuhi na mchana akaomba aonyeshwe madaftari ya parokia, anafanya mambo mawili ambayo lugha ya Biblia inayaita kwa neno moja.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye fedha, kwa maana hapa ndipo nilipoguswa zaidi. Kutoka 30:11-16 inaagiza kwamba kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, ili pigo lisiwapate watu wanapohesabiwa. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Fedha hiyo ilikwenda wapi? Sura ya 38 inatoa mahesabu kamili, na nakushauri uchukue kalamu uyafuatilie. Watu 603,550 wakitoa nusu shekeli kila mmoja, zinapatikana shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo ni talanta 100, zikabaki shekeli 1,775. Zile talanta 100 zilisubiwa vitako 100, yaani misingi ya fedha ambayo mbao za Hema Takatifu na nguzo za pazia lake zilisimama juu yake, talanta moja kwa kitako kimoja. Zilizobaki zikafanywa kulabu za nguzo na mapambo ya vichwa vyake.

Maana yake ni kwamba katika kila kitako kimoja, chenye uzito wa zaidi ya kilo 30, zimeyeyushwa fidia za watu 6,000. Kipande cha mchunga mbuzi wa kabila la Gadi hakitofautishwi tena na kipande cha mkuu wa Yuda, na nyumba ya Mungu inasimama juu ya vyote viwili. Orodha ile kavu ya sura ya kwanza ya Hesabu ni orodha ya waliobeba nyumba ya Mungu kwa chini, mahali ambapo hakuna aingiaye na kuutazama msingi. Mtume Petro anapowaita waamini mawe hai yanayojengwa kuwa nyumba ya kiroho, mimi sasa naona fedha ile.

Ipo na sensa ya pili, Hesabu 26, katika nchi tambarare za Moabu ng'ambo ya Yeriko. Miaka arobaini hivi imepita na jumla ni 601,730, pungufu ya 1,820 tu. Simeoni ameanguka kutoka 59,300 hadi 22,200 (Zimri, aliyeuawa katika kisa kilichotangulia cha Peori, Waisraeli walipoabudu miungu ya Moabu, alikuwa mkuu wa ukoo wa kabila hilo), na Manase amepanda kutoka 32,200 hadi 52,700. Mwishoni tunaambiwa kwamba kati ya waliohesabiwa Sinai hakubaki hata mmoja ila Kalebu na Yoshua. Kizazi kizima kimezikwa jangwani, na taifa ni karibu lilelile kwa ukubwa.

Ndani ya sura hiyo kuna aya fupi kuliko zote, ya 11, isemayo kwamba wana wa Kora hawakufa. Kora aliasi akitaka ukuhani, nchi ikafunua kinywa chake ikammeza. Wanawe wamebaki, na mhesabu akasimamisha kalamu ili aseme hivyo. Nenda nao mbele: katika 1 Mambo ya Nyakati 9 wazao wa Kora ni mabawabu wa nyumba ya Mungu, na katika Zaburi 84, ambayo kichwa chake kinawataja, mwimbaji anasema afadhali kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wake. Baba alitaka kuingia ndani kwa nguvu, watoto wakafurahia mlango. Na Zaburi 87, nayo ni ya wana wa Kora, inamwonyesha Mungu mwenyewe akifanya sensa: anaandika mataifa, Rahabu ambayo ni Misri, Babeli, Filisti, Tiro, Kushi, na juu ya kila moja anaandika kwamba huyu amezaliwa Sayuni. Waliosalimika kwa aya moja ndani ya orodha ndio walioimba kwamba orodha ya Mungu itawachukua hata maadui, na Kushi, nchi ya weusi kusini mwa Misri, imo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 115 hadi 118, inatufundisha kwamba maana ya kiroho hujengwa juu ya maana ya maneno yenyewe: Andiko humwelekea Kristo, hutufundisha kuishi, na hutuelekeza mbinguni. Orijeni, mwalimu wa Kanisa la kale aliyetoa homilia nyingi juu ya Kitabu cha Hesabu katika karne ya 3, alijua wazi kwamba wasikilizaji wake waliyaona majina na vituo vya safari ya jangwani kuwa havina faida, na hakuviruka. Nami naomba tusiviruke. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Milele na milele, amina. Ndugu mleta uzi, nimekufuata vizuri mpaka mwisho, lakini naona umemkwepa Daudi, ilhali umemweka kwenye kichwa cha uzi. Katika 2 Samweli 24 Daudi anafanya sensa na watu 70,000 wanakufa kwa tauni. Kama Mungu mwenyewe aliamuru sensa mbili kwa Musa, kosa la Daudi liko wapi? Zaidi ya hayo, Samweli inasema hasira ya Bwana ndiyo iliyomchochea Daudi, wakati 1 Mambo ya Nyakati 21 inasema ni Shetani. Ndugu zetu wa madhehebu mengine waliniuliza hili msibani, nikabaki nimeinamisha kichwa. Naomba jibu nitakaloweza kulisema kwa maneno yangu.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, sikumkwepa, nilimwekea nafasi yake peke yake kwa sababu yeye ndiye kiini cha uzi huu.

Nianze na tofauti ya vitabu viwili. Kitabu cha Samweli kinatoka katika mapokeo ya zamani ambayo humrejeshea Mungu kila kitu kinachotokea, bila kutenganisha kile anachokitaka na kile anachokiruhusu. Mambo ya Nyakati kiliandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, wakati Israeli ilikuwa imejifunza kutofautisha zaidi, naye mwandishi akaona ni lazima aseme kwamba kishawishi kilitoka kwa adui. Kanisa halioni hapo uongo wa upande wowote. Mungu humfundisha mtoto wake hatua kwa hatua, na Yakobo 1:13 inatupatia hatua iliyofuata, kwamba Mungu hamjaribu mtu yeyote kwa uovu. Ukiulizwa tena msibani, jibu hivyo.

Kuhusu kosa, angalia maneno ya Daudi. Anamwambia Yoabu azunguke kutoka Dani hadi Beer-sheba awahesabu watu, ili yeye mfalme ajue jumla yao. Hakuna agizo la Mungu, hakuna nyumba za baba, hakuna majina, na hakuna mahali panapotajwa nusu shekeli ya fidia. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, aliona kwamba Daudi alisahau hilo la mwisho. Yoabu, mtu wa vita ambaye mikono yake haikuwa safi, ndiye anayeshtuka na kumwuliza mfalme kwa nini anapendezwa na jambo hili. Baada ya miezi tisa na siku ishirini anarudi na jumla tu: 800,000 kwa Israeli na 500,000 kwa Yuda, wote wenye kufuta upanga. Mfalme amepewa jeshi kwenye karatasi, na moyo wake unampiga papo hapo. Aliwahesabu watu wa Mungu kama mtu anayehesabu vyake.

Sasa tazama jinsi Andiko linavyomponya, maana hili halisemwi mara nyingi. Nabii Gadi anampa adhabu tatu achague moja, naye anachagua kuangukia mikononi mwa Bwana. Tauni inapofika Yerusalemu, Daudi anamwona malaika na kusema kwamba yeye ndiye aliyekosa, lakini kondoo hawa wamefanya nini? Katika aya ya 2 alitaka jumla. Katika aya ya 17 anaona kondoo. Yule mchungaji wa Bethlehemu aliyekuwa amepotea ndani ya mfalme amerudi, naye anaomba jambo zito: mkono wako na uwe juu yangu mimi, na juu ya nyumba ya baba yangu.

Shika hayo maneno "nyumba ya baba yangu", kisha fungua Luka 2. Amri imetoka kwa Kaisari Augusto kwamba watu waandikwe. Yosefu anapanda kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu, mji wa Daudi, kwa kuwa yeye ni wa nyumba na ukoo wa Daudi. Unaona? Daudi alihesabu kwa kiburi, watu wakafa, akaomba adhabu iwe juu ya nyumba ya baba yake. Karne nyingi baadaye nyumba hiyo ya Daudi inapanda kwenda kuhesabiwa kwa unyenyekevu, na ndani ya tumbo la Maria yumo atakayebeba adhabu. Hapo kwanza, Bethlehemu, anaandikwa pamoja na raia wa chini wa dola kubwa. Mwishoni, Luka huyohuyo anatukumbusha katika sura ya 22 neno la Isaya 53, kwamba alihesabiwa pamoja na wahalifu. Na Zaburi ya 22, ambayo Yesu aliianza msalabani, ina mtu anayesema kwamba anaweza kuihesabu mifupa yake yote. Daudi alihesabu panga 1,300,000. Mwana wa Daudi hana cha kuhesabu isipokuwa mifupa yake.

Jambo moja zaidi. Tauni ilikoma kwenye uwanja wa kupuria ngano wa Arauna Myebusi. Daudi alikataa kupewa bure, akaununua uwanja pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, akisema hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Mambo ya Nyakati inaeleza kwamba Sulemani alijenga hekalu hapohapo, mlimani Moria. Mahali ambapo dhambi ya kuhesabu ilisamehewa ndipo palipojengwa altare, na palikuwa mahali pa ngano. Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake ya Noeli, anaikumbusha Roma kwamba jina Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate.

#4 Mchangiaji (karani wa parokia)

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma kimya nikaona niseme neno, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni madaftari. Mimi ni karani wa parokia kwa miaka kumi na moja sasa.

Watu wengi wanadhani daftari la ubatizo ni la kutolea vyeti vya shule na ndoa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na daftari la wabatizwa, la ndoa na la marehemu, na inataka pembeni ya jina la mbatizwa yaandikwe yote yatakayompata baadaye katika Kanisa: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za milele. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuanza kwa wino wa buluu mwaka 1958, ukaongezewa wino mweusi mwaka 1970, ukaongezewa tena kalamu nyingine mwaka 1983. Nikifungua ukurasa wa zamani huwa nauona uzima wa mtu umekaa pembeni, kwenye nafasi ndogo ambayo padre aliyembatiza aliiacha wazi bila kujua itajazwa na nini.

Mleta uzi hukutaja Ezra 2, nami naipenda kuliko hizo zote. Waliorudi kutoka Babeli walikuwa 42,360, bila watumishi wao 7,337. Wapo waliosema sisi ni makuhani, wakaitafuta orodha yao ya nasaba, hawakuiona, wakaondolewa katika ukuhani mpaka atakaposimama kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vyombo vya kumwuliza Mungu shauri. Yamenikuta hayo. Mama mmoja mtu mzima alifika kutafuta jina lake ili afunge ndoa, na daftari la mwaka wake katika parokia alikozaliwa lilikuwa limeliwa na mchwa. Alilia mbele ya dirisha langu kama mtu aliyeambiwa hakuwahi kuzaliwa. Nilimweleza kanuni ya 876, kwamba pasipo na pingamizi, shahidi mmoja wa kuaminika anatosha kuthibitisha ubatizo. Siku ya pili alimleta msimamizi wake, ajuza aliyeshikwa mkono na mjukuu, akasema: "Mimi ndiye niliyembeba." Paroko akaandika.

#5 Mchangiaji

Nina maswali mawili. La kwanza ni la historia: Luka anasema Yesu alizaliwa wakati wa sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, tena siku za mfalme Herode; lakini wanasema sensa hiyo ilifanyika mwaka 6 baada ya Kristo, na Herode alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo, basi Luka alikosea? La pili ni kuhusu bibi yako. Wale wachanga wawili hawamo katika watu 61,741,120 waliotangazwa na sensa ya 2022, kwa sababu sensa huhesabu walio hai. Je, wamehesabiwa popote?

#6 Mleta uzi

Nashukuru kwa maswali yote mawili, na nashukuru zaidi kwa mchango wa ndugu karani, kwa sababu umenifanya nitoke nyumbani.

La kwanza ni gumu kweli, na si vizuri kulifunika. Yosefo anaiweka sensa ya Kirenio baada ya Arkelao, mwana wa Herode, kuondolewa madarakani, na Matendo 5:37 yenyewe inamkumbuka Yuda Mgalilaya aliyeasi siku za kuandikwa orodha. Wapo wanaodhani kulikuwa na uandikishaji wa awali, wapo wanaosoma sarufi ya Luka kwa namna nyingine, na wapo wanaoona Luka amekusanya kumbukumbu mbili katika sentensi moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Ufunuo wa Kimungu namba 12, unatutaka tutafute kile mwandishi mtakatifu alichokusudia kusema kwa kufuata namna ya uandishi wa wakati wake. Ndivyo tunavyofanya pia na zile 603,550, ambapo wataalamu wanakumbusha kwamba neno *elef* la Kiebrania lamaanisha elfu na laweza kumaanisha pia ukoo au kikosi. Imani yangu haitetereki kwa swali la tarehe.

Alichokusudia Luka nakiona wazi ninapomweka Augusto kando ya Daudi. Kaisari huyo aliacha maandishi ya matendo yake, nayo yalichongwa kwenye kuta za hekalu ambalo bado liko Ankara, Uturuki. Humo anajivunia kwamba alihesabu raia wa Roma mara tatu: 4,063,000, kisha 4,233,000, kisha 4,937,000. Mtoto wa seremala wa Galilaya hakuwa raia wa Roma, kwa hiyo hamo katika jumla yoyote kati ya hizo. Orijeni alipolihubiri Andiko hili la Luka alisema kwamba Kristo aliandikwa pamoja na ulimwengu ili ulimwengu uandikwe pamoja naye katika kitabu cha uzima. Na katika Sala ya Ekaristi ya kwanza, muda mfupi kabla ya mageuzo, padre anaomba kwa ajili yetu sote. Maneno ya Kilatini ya sala hiyo ni *in electorum tuorum iubeas grege numerari*, amuru tuhesabiwe katika kundi la wateule wako. Tunaomba kuhesabiwa, na tunaomba tuhesabiwe tukiwa kundi, yaani kondoo, kama Daudi alivyowaona mwishoni. Sherehe ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, tunasomewa Ufunuo 7: Yohane anasikia idadi, 144,000, elfu kumi na mbili kwa kila kabila, halafu anainua macho na kuona mkutano ambao hakuna awezaye kuuhesabu.

Swali la pili nilishindwa kulijibu nikiwa nimekaa. Jana nilikwenda parokia aliyoolewa bibi, nikamwomba karani anifungulie daftari la ubatizo la mwaka 1961. Tulipata mstari mmoja ulioandikwa kwa mwandiko mwembamba wa padre mmisionari. Kulikuwa na jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, tarehe, na mahali pa mbatizaji padre hakuandika jina lake mwenyewe, aliandika *mater, in periculo mortis*. Mama, katika hatari ya kufa. Bibi alikuwa amefundishwa na katekista jinsi ya kumwagia maji mtoto anayekufa na maneno ya kutamka, na alifanya hivyo usiku, peke yake, kwa kibuyu cha maji. Pembeni padre aliongeza msalaba mdogo na tarehe ya siku ileile. Wa pili pia tulimwona, kurasa nne mbele, yeye alibatizwa kanisani.

Nilirudi jioni nikamkuta bibi barazani. Nilimweleza kwamba wote wawili wamo kwenye daftari, nikamsomea mstari nilioupiga picha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsomee tena jina la yule wa siku tatu, herufi kwa herufi, ili ajue kama padre aliliandika sawasawa.